Nyumba ya Hujambo

Kwanza mjue kwamba Kidawa hakuwa mwongo. Nalisema hili mapema, kabla faili lake halijafunguliwa, kwa sababu huko mbele mtawasikia wenye kalamu wakimwita hivyo, na mwenye kalamu akishasema neno, kulifuta ni kazi ya vizazi viwili. Kidawa alikuwa msusi. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kiti kifupi barazani, vichwa vya wanawake wa mtaa mzima vikipita katikati ya magoti yake kimoja baada ya kingine, na kama alikuwapo mtu aliyejua jinsi ukweli unavyotoka kinywani mwa binadamu, basi alikuwa yeye. Mwanamke akifika aliulizwa, “Hujambo, shoga?” naye akajibu, “Sijambo.” Hata kama jana alizika. Hata kama jicho moja limevimba na la pili halijapata usingizi. Sijambo kwanza, kisha akae mkekani, afungue kilemba, achanwe, apakwe mafuta, mistari ianze kushuka kuelekea kisogoni. Mstari wa kwanza ulikuwa wa umbeya. Wa pili ulikuwa wa kimya. Kwenye mstari wa tatu, kila mara wa tatu, mwanamke angeshusha pumzi na kusema, “Kidawa, mwenzio nimekwisha.”

Hakuwahi kumharakisha mtu. Aliweza kuuona ukweli ukimpanda mtu mabegani, yeye akiwa nyuma yake, lakini alisuka tu na kungoja, maana mama yake alimfundisha kwamba salamu si swali. Anayekuamkia anakuombea, alisema mama yake, na dua huitikiwa kwa heri. Mengine yana wakati wake. Sijambo ni kizingiti. Huingii nyumbani mwa mtu bila kukivuka, wala hakuna mwenye akili timamu aliyesimama kizingitini akatangaza kwamba nyumba ameshaiona yote. Ndivyo watu wote wa nchi ile walivyolelewa, waliokuja kusukwa na waliokuja kutunga kanuni. Kwa nini waliotunga kanuni walisahau, mimi sijui. Labda wao walinyoa.

Halafu asubuhi moja upande wake wa kulia ulilala, na haukuamka tena.

Watu waliuita ugonjwa ule kiharusi. Yeye aliuona ni usingizi tu uliokosa mwamshaji. Mkono, mguu, nusu ya mdomo, vyote vimelala fofofo, na upande wa kushoto uko macho, unahangaika. Akaanza kuishi na nafsi yake kama wake wenza. Wa kushoto alipika, alifua, alimvisha mwenzake. Wa kulia aliota ndoto. Na ndoto zake zilivuja. Siku nyingine Kidawa yuko sokoni anachagua nyanya, upande wa kulia unaota korido ndefu yenye mabenchi, na korido ile inaingia sokoni polepole mpaka asijue amesimama mbele ya muuza nyanya au mbele ya karani. Ndiyo maana mimi siwezi kuwaambia kama haya ninayoyasimulia yalitokea upande ulio macho au upande uliolala. Mwenyewe hakujua, na alichoka kutaka kujua. Posho ilitolewa kwa pande zote mbili.

Posho hiyo ya ulemavu ilimchukua mwaka na nusu kuipata. Barua ya mjumbe wa mtaa. Barua ya daktari. Picha nne akiwa amesimama wima, ilhali kule kushindwa kusimama wima ndiko kulikompeleka kuomba. Shahidi mmoja aliyemjua alipokuwa mzima, na mwingine aliyemjua alipokuwa nusu, na mashahidi hao wasiwe wanajuana. Katika mtaa ambao kila mtu anajua nani kaazima kinu cha nani, angempata wapi shahidi asiyejuana na mwenzake? Akachukua mwanamke mmoja na wifi yake waliogombana tangu harusi, wakaapa mbele ya karani kwamba hawajuani, na kwa jinsi walivyochukiana, kiapo kile kilikaribia sana kweli. Hilo nalo msimhesabie uongo.

Ilikuwa posho ndogo, lakini ndiyo chumba alicholala, ndiyo vidonge vya presha, ndiyo unga. Na zaidi ya vyote, ndiyo iliyomzuia asiwe mzigo kwa Zuwena. Zuwena alikuwa binti yake wa pekee, aliyeishi mji wa mbali na kufanya kazi kiwandani, na kila Ijumaa walizungumza kwa simu. “Mama, hujambo?” “Sijambo, mwanangu. Na wewe?” “Mimi sijambo kabisa, mama.” Maneno hayo, kisha habari za mvua. Kwa miaka miwili sasa Zuwena alikuwa anachelewa kupokea, simu ingelia hadi ikatike, Kidawa apige tena, na binti aseme kwa pumzi fupi, “Nilikuwa mbali na simu.” Kuja kumwona mama yake hakuja, kazi zilikuwa nyingi. Kidawa hakulalamika. Yeye alikuwa na fimbo moja ya mti na nyingine ilikuwa sauti ile, na mtu haichunguzi fimbo anayoiegemea.

Sasa, kupewa ni jambo moja, kubaki na ulichopewa ni jambo jingine. Kila mwaka mpokeaji aliitwa kwenye jengo ambalo kibao chake kilisema Nyumba ya Uhakiki, ambalo watu waliliita Nyumba ya Hujambo, kwa sababu baada ya safari yote, baada ya foleni na jua na kiu, ulichoulizwa ndani kilikuwa hicho tu. Hujambo? Kila mji ulikuwa na nyumba yake, zote zimejengwa kwa ramani moja, zote zimepewa kengele ya mkononi kutoka kiwanda kimoja. Kengele ikipigwa maana yake mtu ameonekana mzima na faili lake limefungwa. Zilikuwa kengele mbovu. Zilitengenezwa zikiwa na ufa, kwa hiyo hazikulia, zilikohoa: kho, mara moja, kama mgonjwa anayejizuia mbele ya wageni. Aliyewahi kuisikia hakuisahau.

Miaka kumi na mmoja Kidawa alienda, akaulizwa, akajibu, “Sijambo,” na kengele haikukohoa. Hiyo ni kwa sababu mhakiki wa zamani, Bi Arafa, alikuwa mtu wa kusukwa. Aliandika “amesema hajambo” kwenye mstari wa juu kama fomu ilivyotaka, akaweka kalamu chini, akatazama dirishani, akangoja. Kisha Kidawa angeanza mwenyewe, taratibu, kuhusu mguu, kuhusu kuanguka bafuni, kuhusu kichana kilichomshinda kukishika. Bi Arafa angeichukua kalamu tena na kuandika ukurasa wa pili.

Mwaka wa kumi na mbili Bi Arafa hakuwapo. Ikaja kanuni mpya: jibu la kwanza ndilo huandikwa.

Jirani yake, Bi Saumu, ndiye aliyemletea habari. Bi Saumu alikuwa haoni macho yote mawili, na alinyang'anywa posho miezi mitatu nyuma. Alikuja mtu mlangoni, akasema ni muuza mkaa, akamwamkia, “Hujambo, bibi?” Bi Saumu akajibu kama alivyojibu watu miaka sabini, na kesho yake barua ikaja.

“Ukifika mle, Kidawa, usiitikie salamu,” alisema. “Akikuamkia, lia.”

“Nitalia vipi, dada, mtu ananiamkia?”

“Lia tu. Adabu wameila wao, sisi tubaki na mashavu yaliyolowa.”

Kidawa alicheka kwa nusu ya mdomo, akasema atajaribu. Lakini asubuhi ya safari, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye sanduku. Ukatoa kanga ile ya doti nzima, iliyopigwa pasi na kufukizwa udi, ukamvisha. Aliona anachofanya na hakuweza kukizuia. Mtu haendi mbele ya serikali akinuka jasho. Hata wanaokwenda kuomba msamaha huoga kwanza.

Ndani ya jengo kulikuwa na korido ya wanawake, ndefu kuliko jengo lenyewe. Ukutani palikuwa na saa iliyohesabu miaka badala ya saa na dakika, na mshale wake ulikuwa ukitetemeka baina ya mwaka huu na ujao, haujaamua. Kidawa akakaa pale alipoonyeshwa. Aliyekaa mbele yake alikuwa ni yeye mwenyewe wa mwaka jana. Alimtambua kwa mwavuli uliovunjika ubavu, ambao ulipotea wakati wa masika. Jambo hilo halikumshtua. Ukikaa kwenye foleni muda wa kutosha utakutana na kila mtu, na wewe umo.

“Hujambo?” alisema Kidawa wa mwaka jana, akigeuka.

“Sijambo. Na wewe?”

“Sijambo. Leo watu wengi.”

“Wengi. Wamebadilisha kanuni, unajua?”

“Mimi namngojea Bi Arafa,” alisema yule, na akajipangusa vumbi kwa utulivu wa mtu ambaye bado ana mwaka mmoja.

Kidawa hakuendelea. Aligeuka nyuma, kwa kuwa mtu akikaa na wenzake huwaamkia pande zote. Nyuma yake alikaa mwanamke amevaa kanga ileile ya doti, ila imechujuka, na uso ulioshuka upande mmoja zaidi ya wake. “Hujambo, dada?” Kidawa alisema. Mwanamke hakujibu. Alifungua mdomo, nusu inayofunguka, akaufunga. Alimtazama Kidawa kwa muda mrefu, macho yakiwa yamejaa kitu ambacho Kidawa hakukijua jina, na Kidawa akaudhika. Uzee gani huu, alijiambia, usioitikia hata salamu? Lakini yule mwanamke akanyoosha mkono wa kushoto, akausukuma nyuma mtandio wa Kidawa, akautegesha mkono wake wa kulia uliolala kama kibanio, na bila kuomba ruhusa akaanza kumsuka.

Kumi na miwili. Ni miaka kumi na miwili hakuna aliyemshika kichwa. Kidawa akafumba macho, chuki ikamtoka. Mstari wa kwanza ulishuka taratibu sana, wa mkono mmoja, na mwanamke hakusema umbeya wowote. Mstari wa pili nao ulikuwa wa kimya. Na ndani ya kimya hicho, upande uliolala ulianza kusema kama ulivyozoea kusema usingizini:

Nani mzima? Nioneshe. Nioneshe mtu mzima nimguse. Mnatafuta nusu iliyokufa ili muilipe, na nusu iliyo hai mnaihesabia kosa. Akipika, ni mzima. Akicheka, ni mzima. Akijifunga kanga, nani amemfunga? Andika. Mimi nimelala, mimi sina kosa, mimi ndiye mwenye posho. Huyu aliye macho ndiye mnayemfukuza. Siku moja naye atalala, tutakuwa sawa, mtatulipa vizuri, na hatutakuwapo kupokea.

Kwa mbali, kutoka chumba cha ndani, kengele ikakohoa. Korido yote ikainamisha vichwa. Mwanamke mmoja alitoka akitembea kwa magoti na viganja, uso mkavu, akapita.

“Kidawa,” karani akaita kutoka mlangoni.

Mwanamke wa nyuma akamshika bega, akalikaza, kama mwenye neno kooni. Lakini jina la mtu likishaitwa halingoji. Kidawa akavuta mtandio, akainuka na mistari yake miwili, akaingia.

Mhakiki mpya aliitwa Bwana Machano. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati lake safi, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala, na tuseme haki yake: hakuwa mtu mbaya. Alisimama kumpisha kiti. Kengele ilitundikwa msumarini nyuma ya mlango, ambapo karani alikaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Hujambo?”

Kidawa alijua. Alimkumbuka Bi Saumu, alikumbuka mkaa, aliliona shimo mbele ya mguu wake. Na bado neno lilikuwa limeshatoka, limekwenda kumlaki mgeni kabla mwenye nyumba hajavaa viatu.

“Sijambo, alhamdulillahi.”

Kalamu ikaandika. Ilikuwa kalamu ya kukwaruza, kila herufi ilisikika. Bwana Machano akaliangalia alilolifanya, akashusha pumzi.

“Mama, kwa nini mnafanya hivi?” aliuliza. “Tangu asubuhi. Mtu anaingia kwa magoti, namuuliza, ananiambia salama. Mimi niandike nini?”

“Ungeuliza tena, baba.”

“Jibu la kwanza ndilo huandikwa.” Alifungua faili. “Na si la leo tu. Mwaka wa kwanza: amesema hajambo. Wa pili: hajambo. Wa tatu, hajambo, na amemuuliza mhakiki habari za watoto. Mara kumi na moja. Faili hili ni la mtu mzima kuliko mimi.”

“Kulikuwa na ukurasa wa pili. Bi Arafa aliandika.”

“Kurasa za pili ziliwekwa kabati la chini. Zimeliwa na mchwa.” Alisema hivyo bila ubishi, kama anayetoa taarifa ya msiba uliokwisha. “Wakubwa wangu wakiliona hili watasema unadanganya ukija na unadanganya ukiondoka. Lakini ipo nafasi moja, ya wale wenye faili zaidi ya miaka kumi. Inaitwa jibu la ndani. Wanasema huku ofisini watu wanajibu wanavyojibu, wengine wanatuheshimu, wengine wanatuigizia. Lakini mtu wake wa damu akimuuliza, hapo atasema kweli.”

Kidawa alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Katika nchi nzima, watu walidanganya adui mara moja moja na walidanganya serikali ilipobidi, lakini wale wa damu waliwadanganya kila siku ya Mungu, kwa moyo mmoja, ndipo wakaweza kulala. Mtu aliyetunga kanuni ile hakupata kupigiwa simu na mama yake.

“Umeandikisha binti,” alisema Bwana Machano. “Tutampigia. Yeye atakuamkia, wewe utamjibu. Mimi nitaandika jibu lile, na ndilo la mwisho.”

“Baba, mwanangu yuko kazini.”

“Ni salamu tu, mama.”

Simu ilikuwa kubwa, nyeusi, ya waya. Bwana Machano akabonyeza namba, akamwekea sikioni, sikio la kushoto, lile lililo macho. Kidawa alijiandaa kungoja kama alivyozoea kungoja. Ilie hadi ikatike, ipigwe tena. Leo ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

“Mama. Shikamoo.”

“Marahaba, Zuwena.” Sauti ya binti ilikuwa na mwangwi, kama mtu aliye katika chumba kisicho na pazia wala kitanda.

“Mama, hujambo?”

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Kidawa aliona ncha yake. Aliona chumba chake, vidonge dirishani, kinyesi cha popo kwenye dari ambacho mwenye nyumba alikataa kukiondoa. Aliona pia Ijumaa zote zile, jinsi alivyokaa wima kabla ya kupiga simu, alivyolowesha midomo, alivyovuta nusu ya mdomo kwa kidole ili neno litoke limenyooka. Nasema kweli, hakuamua. Alikuwa amechoka tu. Uchovu ulifanya kazi ambayo ujasiri haukuwahi kuifanya.

“Mwanangu,” alisema, “mimi si mzima. Sijawa mzima siku nyingi. Mkono umekufa kabisa, siwezi hata kujichana. Mwezi uliopita nilianguka uani nikalala pale hadi jua likanikuta. Siku zote nakuambia sijambo, ni uongo.”

Kalamu ikaanza kukwaruza. Kidawa akahisi amelitua jiwe, na papo hapo akahisi limetua wapi. Alitaka kulichukua. Mkono mmoja hautoshi kuchukua kitu ulichokitupia mtoto. Basi akafanya alilofundishwa, kwa sababu salamu isiyorudishwa ni kumfungia mtu mlango usoni.

“Na wewe, mwanangu? Hujambo?”

Mbali, nyuma ya pumzi ya Zuwena, Kidawa alisikia kiti kikisogezwa. Alisikia sauti ya mwanamume ikisema taratibu, haya, mama, jibu.

“Sijambo, mama,” alisema Zuwena. “Mimi sijambo kabisa. Usiwe na wasiwasi na mimi. Nina nguvu, nitakuja kukuchukua, nitakuchana mwenyewe. Umesikia? Sijambo.”

Kho.

Kidawa aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Karani alikuwa akisinzia. Kengele ilikuwa msumarini, haijaguswa, haijatikisika hata kidogo.

Akarudisha sikio kwenye simu, maana kikohozi kile kilitoka huko, Nyumba ya Hujambo ya mji wa Zuwena. Pale pale akaelewa kwa nini simu zilichelewa kupokelewa, kwa nini zile pumzi fupi, kwa nini kwa miaka miwili hakuletewa hata picha moja, na kwa nini leo imepokelewa haraka, na mtu aliyekuwa ameshaketishwa kando ya simu.

“Zuwena. Uko wapi?”

“Niko kazini, mama.”

“Zuwena, una nini? Ni miguu?”

“Waya unakatika, mama. Tutaongea Ijumaa.” Na kweli ukakatika, au ulikatwa.

Bwana Machano alikuwa ameshapiga muhuri. Kadi ilikuwa mezani, wino wake haujakauka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kijana yule alikuwa na nuru usoni, ya mtu aliyefanikiwa kumwokoa mtu mmoja kwa siku nzima. “Umebaki, mama,” alisema. “Umeona? Mngesema kweli tu, sote tungepumzika.”

“Nibadilishie,” alisema Kidawa.

“Nini?”

“Jibu langu. Andika sijambo. Mpigie yule mwenzako wa kule, mwambie mtoto alikuwa anamjibu mama yake. Mwambie aliniogopea mimi. Nifungie mimi faili, baba, umfungulie yeye.”

Bwana Machano aliangalia kadi, akaangalia simu, na Kidawa akaona kwamba alikuwa amesikia, kengele na vyote. Alilaza kiganja chake juu ya faili kama mtu anayemziba mtoto macho.

“Jibu la kwanza, mama,” alisema kwa sauti ndogo, “ndilo huandikwa.”

Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, nao ulirudi koridoni. Kidawa alitoka na kadi yenye wino mbichi. Alitafuta njia ya kwenda nje, akaiona ni ndefu, na mwisho wa foleni palikuwa na nafasi moja tupu kwenye benchi. Akakaa apumue. Mshale wa saa ya ukutani ulikuwa umevuka. Kanga yake, alipoitazama, ilikuwa imechujuka.

Mwanamke aliyekaa mbele yake alinukia udi. Akageuka, uso bado umenyooka kiasi, kanga ina mikunjo ya pasi.

“Hujambo, dada?” alisema.

Kidawa alifungua mdomo. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia: huko ndani watakupa simu, umjibu mtoto sijambo. Mwambie sijambo, ufungiwe faili wewe, yeye apate pa kusema kweli yake. Lilikuwa neno fupi. Mtu mwingine, wa nchi nyingine, angelitapika pale pale. Lakini neno la namna hiyo halikupata kutoka kinywani mwake kizingitini, na mdomo ukafunga wenyewe. Basi atasuka, alijiambia. Asuke upesi, kwenye mstari wa tatu litatoka, siku zote kwenye mstari wa tatu hutoka. Akausukuma nyuma mtandio wa yule mwanamke, akautegesha mkono uliolala uwe kibanio, akaanza. Wa kushoto ulikuwa mzito. Mstari wa kwanza ulishuka. Aliona mabega ya mwanamke yakilegea, akaona amefumba macho. Akaharakisha. Wa pili ulishuka hadi kisogoni, akaufunga ncha kwa uzi wa kanga, akagawa nywele kwa ukucha, njia ya mstari wa tatu ikaonekana, nyeupe na nyofu.

“Kidawa,” karani akaita.

Akamshika bega akalikaza. Mwanamke akavuta mtandio wake, akainuka, akaingia.